Ndoo mbili za rangi zilivyomaliza taka uani kwetu

Kinachoniudhi katika mawaidha mengi ya kupunguza taka ni kwamba yote huanzia dukani. Nunua mrija wa chuma, nunua mitungi ya kioo ya kuhifadhia nafaka, nunua mswaki wa mianzi. Mimi ni mpangaji Tabata, Dar es Salaam. Uani tuko familia kadhaa, bomba moja, kamba za nguo zimepishana. Mrija sina habari nao. Taka zangu ni maganda ya ndizi na viazi, machicha ya nazi, mashina ya mchicha, vichwa vya dagaa, na vile vifuko laini anavyotupimia mangi, mwenye duka la mtaani, sukari na unga. Anayetaka kunisaidia aanzie hapo.

Naandika haya kwa sababu nimeweza, tena bila kununua kitu cha maana. Kiroba changu cha taka zamani kilikuwa kinafurika na kuvuja kabla gari halijapita. Siku hizi gari linapita kiroba hakijafika nusu, na ndani yake ni vitu vikavu tu. Hakinuki, na paka hawana sababu ya kukichana.

Watu wa Tabata tuna haki ya kulisema hili kwa sauti. Dampo la jiji lilikuwa hapa hapa kwetu, na jina la Tabata Dampo limebaki mpaka leo. Mwaka 1988 wakazi walikwenda Mahakama Kuu kulalamikia moshi na uvundo, na mahakama ikawapa haki. Jiji likaendelea kuomba muda zaidi wa kumwaga, hadi mahakama ikakataa. Mwaka 1991 na watu wa Kunduchi Mtongani nao wakaishtaki Halmashauri kwa kumwagiwa taka mlangoni. Sasa hivi taka za Dar es Salaam zinapelekwa Pugu Kinyamwezi. Kwa hiyo kila ganda la ndizi ninalotupa, nalilipia gari na mafuta ya gari, halafu anakuja kulivutia harufu mtu wa Pugu ambaye hakula hiyo ndizi. Na zaidi ya nusu ya taka za majumbani mwetu ni hizo mbichi za jikoni. Zikifukiwa chini ya rundo pasipo hewa zinatoa gesi ya methani, inayopasha dunia joto kuliko hewa ukaa. Ukiziondoa hizo, zinazobaki ni chache na hazina kero.

Ushauri wa kwanza niliopewa kuhusu mboji, yaani mbolea ya mabaki yaliyooza, ulikuwa huu: tia mabaki kwenye ndoo yenye mfuniko, funga kabisa harufu isitoke, subiri mwezi, utapata mbolea. Aliyetuambia alikuja kwenye kikundi chetu cha kuweka na kukopa kama mtaalamu, akatugawia na vipeperushi. Nilifuata neno kwa neno. Nilipofungua, mfuniko ulitoka kwa kishindo. Ndani mlikuwa na uji wa kijivu, machicha yameelea juu, na funza weupe wamejipanga ukingoni wakitafuta pa kutokea. Harufu ilifika barazani kabla sijaurudisha mfuniko. Mama mwenye nyumba ni mtu mpole, hapendi makelele, lakini siku hiyo alikuja ameziba pua kwa upindo wa khanga.

"Mwanangu, umeweka nini humo?"

"Mbolea, mama."

"Mbolea ya ng'ombe naijua, nimekulia nayo. Hii kaimwage mbali, tena sasa hivi."

Nilimwaga. Na ushauri ule naukuta bado unazunguka kwenye simu za watu, kwa hiyo naurudia kwa wino mzito: usifunge ndoo. Aliyenifungua macho ni mzee anayeuza miche kando ya barabara, mmoja wa wale wenye vifuko vyeusi vya miembe na michungwa vimepangwa pembeni ya mtaro. Nilimweleza yote. Akasikiliza mpaka mwisho, akaniuliza swali moja tu: "Mbichi umeweka. Kavu iko wapi?"

Hapo ndipo penyewe. Maganda na machicha yana maji mengi na naitrojeni nyingi. Vijidudu vinavyoozesha vizuri vinataka pia kaboni, nayo iko kwenye vitu vikavu: vumbi la mbao, majani makavu, katoni zilizochanwachanwa. Na vinataka hewa. Ukiweka mbichi tupu na kufunga, vinavyobaki hai ni vile vya kuvundisha. Mzee alinipa kipimo cha macho: kopo moja la mbichi, makopo mawili ya kavu. Sijawahi kuhitaji kipimo kingine.

Ndoo ni zile za rangi, za lita 20. Fundi rangi anakuuzia elfu mbili, tatu, ukimkuta na haraka anakupa bure. Tobo natoboa kwa msumari wa inchi nne, naushika kwa koleo, naupasha kwenye mkaa mpaka uwe mwekundu. Natoboa chini na pande zote kuanzia nusu ya ndoo kwenda juu. Fanyeni nje, upepo ukiwa mgongoni, moshi wa plastiki si wa kuvuta.

Vumbi la mbao linapatikana kwa seremala yeyote, anafurahi ukimpunguzia. Lakini uliza ni la mbao gani. Mbao za kupaulia nyingi zimetiwa dawa ya mchwa na zina ukijani ukiziangalia kwa makini. Vumbi lake silitaki kwenye kitu nitakachooteshea mboga. Wala la zile mbao za kubandika kwa gundi. Mimi nachukua kwa fundi wa vitanda, anayetumia mninga na mkongo, najaza kiroba kizima.

Sasa niwaambie nilichokigundua mwenyewe, ambacho mzee wa miche alipokiona aliomba akifanye na yeye. Chini kabisa ya ndoo natandika makumbi ya nazi, yale manyuzi ya nje, nimeyachambua kidogo kwa mkono. Unene wa vidole vinne. Makumbi hayalali chini yakashikana, yanabaki yamefumuka miezi na miezi, kwa hiyo hewa inapanda kutoka kwenye matobo ya chini na maji yanashuka. Ndoo inakaa juu ya matofali mawili na beseni kuukuu chini yake. Maji yanayochuruzika nayachanganya na maji mengi ya bomba, nayamwagia mimea.

Na ndoo ya pili kazi yake ni moja: kugeuzia. Vitabu vinasema mboji igeuzwe kwa uma wa shambani. Kwenye ndoo nyembamba huo uma unauingizaje? Mimi namimina. Jumamosi asubuhi natandika makumbi kwenye ndoo tupu, naipindua ile iliyojaa juu yake, na kilichokuwa chini kinakuwa juu. Dakika chache tu, mikono haijachafuka. Ukimimina unaona kila kitu: kama kumeshikana na kunang'aa majimaji, ongeza vumbi, kama kumekauka na sisimizi wameingia, nyunyiza maji. Chota kiasi kiganjani ukamue. Yakitoka matone mawili matatu, basi iko sawa. Ikienda vizuri unahisi joto ukiweka mkono katikati.

Mfuniko siuweki. Juu namalizia na vumbi kavu kila nikitia maganda, halafu kipande cha gunia. Nzi hawaoni kitu. Mara ya kwanza nilitia na konzi chache za udongo wa chini ya mwembe, uliojaa majani yaliyooza, kuwa mbegu ya vijidudu. Baada ya hapo mbegu inatoka kwenye mboji yenyewe. Ndoo ikijaa hasa, na inachukua muda kujaa kwa sababu vitu vinasinyaa, naihamishia kwenye kiroba cha sandarusi kikae kivulini kimalizikie. Miezi miwili mitatu unapata kitu cheusi, chepesi, chenye harufu ya udongo, na ganda la ndizi hulioni tena.

Nyama, samaki na mafuta sitii. Vichwa vya dagaa ni vya paka. Machicha ya nazi, kama ni ya siku hiyo, nampelekea mama mwenye nyumba kwa ajili ya kuku wake, na huyu huyu aliyenifukuza na ndoo yangu sasa ananiita dirishani: "Leo hujakuna nazi?" Mwaka jana aliniruhusu nipange viroba vya udongo ukutani upande wa jua la asubuhi. Mchicha nakata hapo, matembele nakata hapo. Sokoni kwa mboga za majani siendi tena isipokuwa kwa kisamvu.

Suala la vifuko lilinipa kazi kubwa zaidi, kwa sababu lilihusu mtu mwingine. Tanzania Bara mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, Zanzibar walitutangulia tangu 2006, na kweli mitaro yetu imepumua. Lakini vile vifuko vya nusu kilo na robo vimebaki, na mtu wa kipato cha siku kwa siku ananunua kwa kupima, kwa hiyo nyumba moja inaingiza vingi kuliko supamaketi. Sisi tulio karibu na bonde la Msimbazi tunajua vinaishia wapi. Desemba 2011 maji yalipopanda hayakuwa na pa kupita.

Nikaenda kwa mangi na makopo yangu ya plastiki ya siagi na rangi ya chakula. Akakataa, na sababu yake ilikuwa ya haki: "Dada, kopo lako lina uzito. Nikikupimia humo, sukari yangu inapungua au yako inapungua." Basi nikamwomba apime makopo yote matupu mbele yangu kwenye mizani yake mwenyewe, na uzito wa kila moja nikauandika chini yake kwa kalamu ya wino mzito. Yeye anaweka kopo, anasoma, anajumlisha. Wateja wawili watatu walioona wakaleta ya kwao. Sasa ananiambia vifuko anavyonunua vimepungua na hiyo ni faida yake. Mafuta ya kula nachukua na chupa, maandazi nachukua na hotipoti, supu hali kadhalika. Siri yake ni kwamba vyombo vikae ndani ya kapu, na kapu litundikwe mlangoni. Ukiviacha kabatini utatoka bila navyo.

Chupa za maji na makopo nayaosha kwa maji ya mwisho ya vyombo, nayaweka kwenye kiroba chake, na kijana anayeokota makopo anajua siku ya kuyafuata. Hayajachanganyika na uchafu, kwa hiyo anayauza vizuri na wala hachambui kwenye majalala kwa mikono mitupu. Wengine wananiambia niuze mwenyewe. Kwa kilo ni mia kadhaa tu, na kwake ni mlo.

Sifongo za kuoshea vyombo niliacha baada ya kupanda dodoki kwenye uzio. Mbegu moja imefunika ukuta. Likikauka unalimenya, unatikisa mbegu, unakata vipande. Likichakaa linaingia kwenye ndoo ya mboji.

Na mkaa, kwa sababu mkaa nao ni msitu. Maharage nayaloweka usiku, asubuhi namwaga maji yake, natia mengine na kuyachemsha kwa nguvu robo saa hivi, yatokote kweli kweli, kwa sababu maharage ambayo hayajatokota vizuri yanaumiza tumbo. Halafu sufuria naifunika, naitia kwenye kapu la ukindu lenye blanketi kuukuu, naizungushia na khanga nene. Mchana yameiva, kilichobaki ni kuyaunga. Mama mkwe wangu alipokuja kututembelea kutoka Tanga alikataa kuamini. Alikaa karibu na kapu akilishikashika, akalifungua mwenyewe, akabonyeza punje moja kwa vidole. "Haya, nikatie na mimi blanketi," akasema. Akaondoka nalo.

Kwa anayetaka kuanza ndoo, asianze katikati ya masika. Vumbi la mbao linalowa kwa seremala, majani yanalowa, kila kitu kinakuwa kibichi na utakata tamaa bure. Anza Juni mvua zikishakatika. Februari, kabla ya mvua za Machi, jaza viroba viwili vya vumbi kavu, funga midomo, viinue juu ya tofali ndani ya stoo. Ndoo zenyewe zisogeze chini ya upenu. Vumbi likikuishia kabla ya Mei, katoni za dukani zinafaa, ila zitoe gundi na zile karatasi zinazong'aa.