Maskini Mmoja, Jina Lake Lazaro

Somo: Luka 16:19-31

Bwana asifiwe, wapendwa.

Mwanangu wa pili anapenda hadithi za kubuni za kisayansi, zile za miji ya miaka elfu ijayo ambako serikali inajua mpaka unachoota usiku. Nimemwambia mara nyingi apunguze, asome Neno. Mwezi uliopita akaniwekea kitabu mezani, akasema, "Mama, soma hiki kwanza, halafu unikataze." Nilikisoma kwa siku nne.

Mwandishi wake ni Mrusi, Yevgeny Zamyatin, mhandisi wa meli aliyeonja jela ya mfalme wa Urusi, na baadaye jela ya wanamapinduzi walioshika nchi. Riwaya hiyo aliiandika mwaka 1920 na 1921. Kwao ilikataliwa. Ikatoka kwanza New York mwaka 1924, kwa Kiingereza, na Urusi yenyewe haikuchapishwa hadi 1988. Inaitwa "Sisi".

Katika mji wa riwaya hiyo nyumba ni za vioo ili kila mtu aonekane. Watu huamka pamoja, huenda kazini pamoja, na kila tonge hutafunwa mara 50, si zaidi si pungufu. Na hakuna mwenye jina. Anayesimulia ni D-503. Mwanamke aliyemvuruga moyo ni I-330. Kilichonishika ni kwamba D-503 halalamiki. Anaipenda namba yake, anawahurumia watu wa zamani waliokuwa wakiishi ovyo. Mwishoni wanamfanyia operesheni ya ubongo wamwondolee ule uwezo wa kuwaza yasiyokuwepo. Kisha anakaa akimtazama I-330 akiteswa mbele ya macho yake, na anayaandika hayo kwa utulivu, kama mtu anayeandika bei ya sukari.

Niseme hapa kwamba neno "sisi" halina kosa. Sisi wa ushirika huu tunalipenda, na Paulo anatuita mwili mmoja. Lakini katika 1 Wakorintho 12 jicho linabaki jicho na mguu unabaki mguu, tena kiungo kinachoonekana dhaifu ndicho kinachohitajika zaidi. Mji wa vioo hauna viungo. Una matofali.

Basi nikajifariji kwamba ni dunia ya kubuni. Usiku huohuo nikamkumbuka babu.

Babu yangu alivaa kipande. Sheria yake ilitungwa na serikali ya kikoloni mwaka 1915, ikaanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Kila mwanamume Mwafrika wa miaka 16 na kuendelea alipaswa kutembea na karatasi yenye alama za vidole vyake, jina la mwajiri na mshahara, ndani ya kijisanduku cha chuma kilichoning'inia shingoni. Ukikutwa Nairobi bila hicho, ni korokoroni. Babu alisema alijisikia kama mbuzi aliyefungwa kengele. Angalieni miaka: wakati Zamyatin anaketi kule kwao kubuni watu wa namba, hapa kwetu watu wenye mama na ukoo walikuwa wanafungwa namba shingoni kwelikweli, na serikali iliita jambo hilo utaratibu mzuri wa kazi.

Harry Thuku, mwanaharakati wa hapa Nairobi, alipolipinga, pamoja na kodi na kazi za kulazimishwa, alikamatwa Machi 1922. Watu wakakusanyika nje ya kituo cha polisi hapa Nairobi kumdai. Mary Muthoni Nyanjiru akawa mbele, risasi zikapigwa, na waliokufa walizidi 20. Napita Barabara ya Harry Thuku mara kwa mara, na siku hizi kila nikipita najiuliza hao wengine waliitwa nani. Nyanjiru namjua. Waliobaki nimewajua kwa idadi tu, na idadi ndiyo lugha ya kipande.

Sasa tufungue Luka 16. Mpanzi hakupewa jina. Mwana mpotevu hana jina, wala Msamaria mwema, wala yule mjane msumbufu. Katika mifano yote ya Bwana, ombaomba mwenye vidonda ndiye aliyepewa: "Na maskini mmoja, jina lake Lazaro, huwekwa mlangoni pake." Tajiri yeye tunaambiwa nguo zake, zambarau na kitani safi, na jinsi alivyokula kila siku. Jina, hapana. Dunia ingemwandika tajiri kitabuni na maskini ingemhesabu. Yesu amegeuza.

Mlangoni pake. Maneno hayo nimeyasoma tangu nikiwa Shule ya Jumapili bila kuuona mlango wangu.

Ploti yetu ina geti, na geti lina soja. Kwa miaka minne nilimwita hivyo, "soja". Soja fungua. Soja kuna mtu wa maji amekuja? Yeye naye siku za kwanza aliniita Mama B4, kwa sababu pale kwetu hata kodi ukiituma kwa simu unaandika namba ya nyumba. Usiku mmoja wa mvua za Aprili nilichelewa kutoka hospitalini kumwona mama. Barabara imejaa maji, stima zimepotea, nimelowa mpaka mifupani. Akanifungulia kabla sijagonga, akanimulikia njia kwa tochi mpaka ngazini, akaniita kwa jina langu la ubatizo na kuniuliza, "Shosho ameamkaje leo?" Alilijua jina langu. Aliyajua ya watoto wangu wote watatu. Alijua mama yangu yuko wodini, na mimi sikujua hata anakula wapi chakula cha usiku.

Asubuhi nilimuuliza jina, na aibu imenijaa. Alinitajia mawili, la kanisani na la nyumbani, na akanieleza la nyumbani alipewa kwa sababu gani. Nilipanda ngazi nikimshukuru Mungu, nikifikiri nimelielewa somo.

Kisha nikaisoma ile sura tena, nikafika mstari wa 24. Tajiri yuko motoni, anapaza sauti: "Ee baba Ibrahimu, nihurumie, umtume Lazaro." Wapendwa, alilijua jina! Muda wote yule mtu analala pale langoni na mbwa wanamramba, tajiri alijua anaitwa nani. Na hata kule, penye shimo kubwa kati yao, bado anamwona kama wa kutumwa: amtume alete maji, amtume kwa ndugu zake watano. Hamsemeshi Lazaro mwenyewe hata neno moja. Anazungumza na mkubwa.

Nilifunga Biblia. Siku iliyofuata baada ya kulijua lile jina, mara ya kwanza kulitumia, nilikuwa dirishani namwambia aende dukani aniletee mkate.

Mwanangu alinionyesha pia filamu fupi ya Wanuri Kahiu, binti wa hapa Nairobi, iitwayo "Pumzi", ya mwaka 2009. Watu wanaishi wamefungiwa ndani baada ya vita vya maji, na wanapewa vidonge vya kuzuia ndoto. Asha anapotaka kutoroka na mche wake aupande nje, anayemsaidia ni mwanamke wa kusafisha choo. Ni yule ambaye wakubwa hawamtazami.

"Nimekuita kwa jina lako, wewe u wangu," asema Bwana katika Isaya 43. Na asubuhi ya ufufuo, Mariamu alidhani anaongea na mtunza bustani mpaka aliposikia neno moja tu, "Mariamu." Yesu hakumwita ili amhesabu. Alimwita kwa sababu alikuwa analia.

Jumatano tukikutana, kabla ya wimbo wa kwanza, kila mmoja aje na jina moja la mtu wa mlangoni pake: anayekufulia, anayekuletea maji kwa mkokoteni, anayezoa taka. Tutayaombea kwa sauti, jina kwa jina, hata kama tutachelewa kumaliza. La soja wetu sijaliandika hapa kwa sababu sijamwomba ruhusa. Jumatano nitateremka mapema na chai, nikae naye kwenye lile benchi lake, nimwombe.