Saa kumi na mbili, kwenye chemchemi

Novemba 2006 nilikuwa nimetimiza miezi miwili Granada, kusini mwa Hispania, na koti sikuwa nalo. Nilitoka Tanga na sweta mbili, nikiamini kusini hakuna baridi ya kutisha. Kumbe mji wenyewe uko mita 700 hivi juu ya usawa wa bahari, na nyuma yake imesimama Sierra Nevada, safu ya milima ambayo kilele chake kirefu, Mulhacén, kinapita mita 3,400. Theluji yake unaiona ukiwa mjini, umeshika mkate wako wa asubuhi.

Nilipanga chumba Zaidín, mtaa wa watu wa kazi ng'ambo ya mto Genil, kwa bibi mmoja mjane aliyekwisha kuvuka miaka 70. Tangu siku ya pili aliniita hijo, mwanangu. Mimi nilimwita señora, na kila kitenzi nilikipeleka kwa usted, kwa heshima, maana sikulelewa kumsemesha mtu wa umri wa bibi yangu kama ninayemsemesha rika langu.

Jumamosi moja asubuhi aliniona nimejikunyata juu ya kikombe cha kahawa. Akasema koti lazima lipatikane leo. Alikuwa na shughuli zake mjini, akachukua kikapu, na akiwa ameshika kitasa cha mlango akasema: "Quedamos a las seis en la Fuente de las Batallas." Nikaitikia, "Sí, señora."

Quedar nililijua. Darasani tulipewa maana moja na tukaiandika: kubaki. A las seis nililijua pia, ni saa kumi na mbili jioni. Jina la mwisho lilinipita, kwa sababu watu wa Granada huimeza s, na aliyekuwa akisema alikuwa tayari amegeukia ngazi. Nilichoambulia ni hiki: tunabaki, saa kumi na mbili. Nikaelewa kwamba nimngoje nyumbani, akirudi tutoke pamoja.

Basi nikabaki. Saa kumi na moja na nusu nilikuwa nimeshavaa sweta zote mbili. Saa kumi na mbili ikapita, giza likaingia, ikafika saa moja. Nikaanza kuogopa kwamba mtu mzima yule ameanguka mahali. Simu ya mkononi hakuwa nayo, na ndugu yake hata mmoja sikumjua. Mara mbili nilishuka ngazi hadi mlango wa barabarani, mara mbili nikapanda tena, nikihofu akija asinikute.

Alirudi saa mbili kasoro robo, pua nyekundu, skafu ameizungusha hadi masikioni. Mkononi alikuwa na karatasi iliyosokotwa kama zile za karanga. Hakupaza sauti.

"Hijo, habíamos quedado."

Nilisikia: tulikuwa tumebaki. Nikajibu kwa furaha ya kumwona mzima: "Sí, señora. Me he quedado." Ndiyo, nimebaki.

Alinitazama. Naukumbuka ule uso mpaka leo, jinsi ulivyotoka kwenye kuumia ukaingia kwenye kuelewa, polepole.

Alikuwa amesimama katikati ya mji, kando ya Fuente de las Batallas, chemchemi iliyo karibu na uwanja wa Puerta Real, zaidi ya saa nzima. Quedar, ikitajwa peke yake namna ile, ndiyo wasemayo Wahispania wanapopatana kuonana: siku, saa, mahali. Quedamos a las seis, tukutane saa kumi na mbili. Habíamos quedado, tulikuwa tumepatana. Ukitaka kubaki, unaongeza kijineno mbele: nos quedamos. Kijineno hicho nos ndicho ambacho sikukisikia asubuhi, wala sikujua kwamba kukosekana kwake kuna maana. Na Granada jambo hilo ni zito zaidi kwa sikio la mgeni, kwa sababu s ikishamezwa, nos quedamos, tunabaki, husikika karibu sawa na no quedamos, hatukutani.

Hakuwa mwalimu. Aliwahi kuniambia aliacha shule akiwa na miaka tisa, akaenda kuokota zeituni. Lakini alinivuta kwenye mesa camilla, ile meza ya duara yenye kitambaa kizito hadi sakafuni na jiko la umeme chini yake, akanifunika magoti, akaifungua karatasi. Zilikuwa castañas, kokwa kubwa zinazochomwa barabarani kwenye mkaa msimu huo kama kwetu mahindi. Alinunua dazeni ili tule pamoja tukielekea madukani. Zilikuwa zimepoa kabisa.

Akamenya moja, akanipa. "Quedan once." Zimebaki kumi na moja. Akamenya yake. "Quedan diez." Tuliendelea hivyo, yeye akihesabu, mimi nikirudia, mpaka karatasi ikawa tupu: "No queda ninguna." Hiyo kubaki niliyoijua ilikuwamo, ila ilikuwa chumba kimoja tu cha nyumba kubwa.

Kisha akaingia chumbani, akatoka na koti jeusi la sufu linalonuka naftalini. La marehemu mumewe. Nikalivaa, mikono ikafunika vidole vyangu vyote. Akarudi nyuma hatua mbili. "Te queda grande." Yaani, ni kubwa kwako.

Nilimwona mama yangu. Kila Januari, akinipima sare ya shule aliyoishona mwenyewe, alirudi nyuma hatua mbili zile zile, akasema "imekukaa" au "haijakukaa". Te queda: te ni ile -ku- ya mama, na kitenzi chake ni kukaa. Hapo ndipo nilipoacha kuitafsiri quedar kwa kubaki peke yake. Nguo hukaa mwilini, mtu hukaa nyumbani, na watu wakitaka kupatana kwetu husema "tukae", wakafanya kikao. Si kila mahali kunafaa, bila shaka. La panadería queda cerca ni duka la mkate liko karibu, na me quedé sin dinero ni niliishiwa pesa. Miaka baadaye nilijifunza kwamba quedar imetoka kwenye Kilatini quietare, kutuliza, na nikawakumbuka vijana wa Dar wanaoisifu nguo kwa kusema imetulia.

Alipiga magoti, pini midomoni, akaanza kukunja mikono ya koti. Katikati ya kazi alisema, bila kuinua macho: "Me quedé viuda en el noventa y ocho." Sikuhitaji kamusi: alibaki mjane mwaka 1998. Kwetu pia mtu hubaki mjane. Koti lile lilikuwa kabatini miaka minane. Nilikuwa na maneno mawili tu ya kumpa, lo siento, nikampa, na nilipoongeza perdón kwa ajili ya chemchemi akanipigapiga mkono kwa kiganja.

Alipomaliza pindo nilianza kulivua. Akanizuia. "Quédatelo."

Nililipanga kichwani kama ninavyopanga neno la Kiswahili: queda, te, lo. Baki, wewe, nalo. Ukae nalo. Na ile lo ndilo koti la mumewe.

Tulipokuwa tunaagana kulala alisimama mlangoni kwake. Kesho ilikuwa Jumapili, maduka yamefungwa, lakini alitaka kutembea mjini nami nikiwa nimelivaa. "Entonces, ¿en qué quedamos?" Yaani, basi, tumepatanaje?

"Quedamos a las seis," nikasema taratibu, "en la Fuente de las Batallas."

Siku ya pili nilifika pale saa kumi na moja na nusu. Nikanunua dazeni, za moto, nikaiweka karatasi ndani ya koti, upande wa kifuani, zisipoe kabla hajafika.