Kaburi la Bombo, kaburi la Kayabwe

Wiki iliyopita nilipeleka maiti Masaka. Pale Lukaya wauza kuku wa kuchoma walilikimbilia dirisha kama kawaida yao, vijiti mkononi, mpaka walipoona tawi nililofunga mbele ya gari. Wakarudi nyuma wote, mmoja akavua kofia. Nyuma ya kiti changu kulikuwa na sanduku, na wajukuu wawili wa marehemu walikuwa wameliegemea, wamelala fofofo. Noah ni ndogo.

Kazi hii nimeianza 2011. Mimi ni Mnubi wa Bombo, mji wa Uganda ulio kaskazini ya Kampala. Baba alikuwa askari, Kiswahili na Kinubi nilivikuta nyumbani, Kiganda nikakipata kwa mama.

Dereva kama mimi huzigawa dini mafungu mawili tu: zinazonipa kazi na zisizonipa. Waislamu wenzangu hawanipi. Mtu akifa alfajiri ataoshwa, atavishwa sanda, ataswaliwa, na jua halijazama yuko ndani ya mwanandani, bila sanduku, ameelekezwa kibla. Wahindu humaliza mambo yao Lugogo kwa moto. Wabahai ndio kabisa: sheria yao inakataza maiti kusafirishwa zaidi ya mwendo wa saa moja kutoka alipofia. Kila nikipita chini ya hekalu lao la Kikaya nalitazama kwa jicho la mfanyabiashara.

Wanaonilisha ni Waganda, Wasoga, Waacholi, Wanyankole, wa makanisa yote. Mganda aweza kupanga nyumba Kampala miaka hamsini, lakini jina lake likisomwa redioni kwenye ebirango, matangazo ya vifo, utapasikia kwao: anazikwa Kalungu, anazikwa Gomba, saa kumi jioni, kwenye biggya, yaani makaburi ya ukoo nyuma ya migomba. Huko maiti hufungwa kwa lubugo, nguo ya gome la mti wa mutuba, moja juu ya nyingine, hata kama sanduku lina kioo na vishikio vya dhahabu ya uongo. Pesa ya rambirambi mpaka leo wanaiita mabugo, maana zamani watu walikuja na hizo nguo zenyewe. Usiku moto unawaka uwanjani na wanaume wanalala kando yake. Mimi hulala garini, mbu ni wale wale.

Uacholi kaburi liko uani, hatua chache kutoka mlangoni. Vita vya Kony vilipokwisha na watu wakarudi kutoka kambini, kaburi la babu ndilo lililokuwa hati ya shamba: unasema hapa ni kwenu, haya, tuonyeshe mliyemzika. Kuna siku nilifikisha sanduku huko saa tano asubuhi, tukazika magharibi, kwa sababu ndugu wawili waligombea shimo lichimbwe upande gani wa mwembe. Maiti akangoja. Nami nikangoja, na pesa ya kungoja sijaiona hadi leo.

Safari nyingine ilinifikisha Nyabyeya, karibu na msitu wa Budongo. Wenyeji wakanionyesha makaburi ya Wapolandi, wakimbizi waliohifadhiwa huko wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, na kanisa walilolijenga. Walio hai waliondoka vita vilipokwisha. Nilijaribu kuyasoma yale majina, konsonanti zimesongamana kama abiria wa jioni. Hao hakuna atakayekuja kukodi Noah awarudishe kwao.

Wakubwa nao wamesafirishwa wakiwa maiti. Kabaka Mwanga, mfalme wa Waganda, alifia Ushelisheli 1903, akarudishwa 1910. Mutesa wa Pili alifia London 1969, akarudishwa 1971, na wote wawili wako Kasubi, kwenye makaburi ya wafalme. Aliyemrudisha Mutesa ni Idi Amin, na Amin mwenyewe alifia Jeddah 2003 akazikwa huko huko. Obote, aliyekuwa rais naye, alifia Johannesburg 2005, lakini amelala kwao Akokoro. Habari za Amin zilipotangazwa, baba hakuona ajabu yoyote. "Mwislamu ardhi yote ni kwao," alisema. Ilikuwa rahisi kusema, mama alikuwa bado hai.

Mama alizaliwa Mkatoliki, ndani ndani huko Kayabwe, akasilimu alipoolewa. Alifariki hospitalini Kampala, Jumanne alfajiri, mwaka 2019. Saa mbili mjomba akanipigia: wameshaanza kuchimba kwenye biggya, kando ya bibi. Saa mbili na nusu imamu wetu akanipigia: wameshaanza kuchimba Bombo. Mashimo mawili, mama mmoja, na dereva wa maiti ni mimi. Niliwasha gari langoni mwa hospitali, nikakaa na mguu kwenye breki mpaka askari wa lango akaja kuniuliza kama nina shida.

Nikaenda Bombo. Mjomba alifika saa tisa, lubugo mpya kwapani. Imamu akamwambia kwa upole kwamba sanda inatosha. Hakubishana. Alikaa kwenye mkeka, lile lubugo mapajani, hadi tukamaliza kufukia, kisha akaondoka nalo. "Mpwa wangu," aliniambia mlangoni, "shimo letu haliwezi kufukiwa tupu." Nilidhani ni hasira. Baadaye nikaambiwa walikata shina la mgomba, wakalifunga lile lubugo, wakalizika mahali pa mama.

Mwaka 2021 wakafanya okwabya olumbe, sherehe ya kumaliza msiba na kumtaja musika, mrithi. Mwanamke hurithiwa na mtu wa ukoo wake mwenyewe, basi wakamsimamisha binti ya mjomba, miaka kumi, wakamvisha lubugo na kumkabidhi kisu. Baba alinung'unika kwamba mirathi tulishaigawa kwa Kurani. Lakini yule mtoto hakuchukua hata shilingi. Alichukua nafasi ya mama, na sisi wanawe.

Sasa nirudi kwenye safari ya wiki iliyopita. Nilipotoka Masaka, tawi nimeshalitupa, nilisimama Lukaya nikanunua paja la kuku, nikalimaliza kabla ya Kayabwe. Nikakunja kwa mjomba kuwasalimu. Binti alikuwa ametoka shule, bado na sare, ana miaka kumi na minne. Msichana wa Kiganda humpigia magoti mkubwa wake anapomsalimu. Huyu hanipigii. Alisimama, akanitazama kuanzia viatu hadi kichwani.

"Mwanangu, umekonda," akasema kwa Kiganda. "Umekula?"

Nikainamisha kichwa, nikasema sijala. Akaingia jikoni kunipakulia matoke.