Theluji ya kwanza Goms, kwa mama mkwe

Mama mkwe alipiga simu mara mbili wiki hiyo, theluji inaingia jumamosi usiku, kama mnakuja kunisaidia kuni njooni kabla. Mume wangu alikuwa na zamu kazini kwahiyo ijumaa nikapanda treni Bern peke yangu, katikati ya Novemba hiyo. Mama anakaa Münster, bonde la Goms, kule juu Valais Uswisi, kijiji kiko karibu mita 1,400. Ukishatoka kwenye lile handaki la Lötschberg, kilomita 34 na ushee za giza, unafika Brig unahamia treni nyekundu nyembamba, penye mlima mkali inang'ata reli ya meno ndo inapanda.

Nyumba za huko ni za magogo, jua limeziunguza mpaka zimekuwa nyeusi kabisa, na maghala ya zamani yamesimama juu ya nguzo zenye sahani za mawe ili panya asipande, nikiyaona nakumbuka sana vihenge vya nyumbani.

Jumamosi yote ilikuwa kuni. Mama hachukui tu kuni akapanga, anashika vipande viwili anavigonganisha anasikiliza, kikavu kinalia "ka" kama njuga, kibichi kinatoa sauti nzito, hicho anakitupa pembeni cha mwakani. Tukapanga ukuta mzima chini ya paa, tukafunga bomba la nje tukalimwaga maji lisipasuke, viazi na kabichi tukashusha chini kwenye stoo. Barabarani miti mirefu ya kuonyesha ukingo ilishachomekwa, maana theluji ikijaa mashine ya kusukuma haijui barabara inaishia wapi. Barabara ya Furka inapita mita 2,429 na winta inafungwa, siku hizi magari yanapakiwa kwenye treni Oberwald yanapita chini ya mlima, hilo handaki lilifunguliwa 1982, kabla ya hapo mama anasema upande ule winta ikifika ndo basi tena mpaka kiangazi.

Usiku niliamka, si kwa kelele, kwa ukimya. Mto ulikuwa unasikika dirishani jioni yote, saivi kama mtu kaufunika blanketi. Nikafungua dirisha, matone meupe makubwa yanashuka taratibu mbele ya taa ya njiani, nikatoa mkono.

Mimi nimezaliwa Machame. Theluji ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro, nimeiona toka naenda shule ya msingi, asubuhi mawingu yakifunguka iko pale juu inang'aa, ila ni ya mita elfu tano na kitu, sijawahi kuigusa hata siku moja. Bern inanyesha lakini inageuka tope kabla hujafika stendi. Hii ilikaa kiganjani nikaona ncha zake sita kabla haijayeyuka, na nililia jamani, sioni aibu kusema.

Asubuhi ilikuwa imefika juu kidogo ya goti. Mama alifungua mlango, lakini kabla ya kushika chepe alisimama akaangalia mlima juu ya msitu, muda mrefu. Msitu ule haukatwi ovyo, ndo unaozuia maporomoko. Kijiji cha jirani, Reckingen, tarehe 24 Februari 1970 poromoko liliua watu 30, mama anaikumbuka siku hiyo. Hakusema kitu, akawasha redio, akasikiliza taarifa ya hatari ya maporomoko, akaizima.

"Haya mwanangu, twende."

Tukachimba njia mpaka barabarani, mgongo unawaka. Tukiwa tunapumzika akaniuliza kwetu theluji ya mlimani inakuja mwezi gani, nikamwambia mama inapungua, watoto wa siku hizi wanaona kidogo kuliko niliyoiona mimi. Akaonyesha kwa chepe kule bonde linakoanzia, ile barafu kubwa ya mlimani ya Rhône, akasema na yenyewe kiangazi sehemu yake wanaifunika vitambaa vyeupe isiyeyuke haraka.

Halafu tukavuka kwenda kumchimbia jirani, bibi wa miaka tisini hivi, ambaye alikuwa ameshatuwekea chai dirishani.