Kanisa la Mbweni na watu wake waliokuja kwetu Masasi

Ukimwambia mtu wa Unguja unataka kuona kanisa la zamani, atakuelekeza Mkunazini, na hatakosea. Kanisa Kuu la Kristo limesimama palepale palipokuwa soko la watumwa. Askofu Edward Steere aliyelijenga amezikwa nyuma ya altare, na kila mgeni huonyeshwa zile nguzo zilizosimamishwa kichwa chini wakati yeye hayupo. Nimesali humo mara nyingi. Lakini kwa mtu aliyezaliwa Masasi kama mimi, kanisa la kulitafuta Unguja ni jingine, dogo, lililo nje ya mji: la Mtakatifu Yohana, Mbweni. Jumapili iliyopita nilikwenda kusali huko, na tangu nirudi moyo haujatulia.

Nasema Mbweni ya Unguja, kusini mwa Mji Mkongwe, upande wa kuelekea uwanja wa ndege, wala si ile ya Dar es Salaam. Ukishuka kwenye daladala unapita kwenye nyumba za kisasa zenye kuta ndefu na mageti ya chuma, maana siku hizi Mbweni ni mtaa wa wenye nafasi. Halafu unauona mnara. Kanisa lenyewe lina umbo la makanisa ya vijijini Uingereza, na makaburi yamelizunguka pande zote kama ilivyo desturi ya huko. Ila mawe ni ya pwani yetu, ya matumbawe. Weka kiganja ukutani mahali ambapo jiwe liko wazi, utahisi vishimo vidogo vidogo na mistari ya viumbe walioishi chini ya bahari kabla ya mtu yeyote kufika kisiwani. Waliolijenga hawakulazimika kwenda mbali kutafuta mawe.

Liliwekwa wakfu mwaka 1882. Mwaka huo nitaurudia.

Tulipokuwa watoto, kwenye mafundisho ya kipaimara, historia ya kanisa letu tulipewa kwa sentensi moja: Askofu Steere alileta Injili Masasi mwaka 1876. Tuliikariri, tukaulizwa, tukajibu, tukapata kipaimara. Hakuna aliyetuambia kwamba Steere hakuja peke yake na begi lake. Alikuja na watu zaidi ya hamsini, wanaume kwa wanawake, na watu hao walitoka Mbweni. Ndio waliokata miti, wakajenga nyumba za kwanza, wakalima mashamba ya kwanza. Askofu alikaa kidogo, akarudi Unguja. Wao walibaki.

Walikuwa kina nani? Hapo ndipo habari ya Mbweni inapoanzia.

Misheni ya Vyuo Vikuu, ya Waanglikana wa Uingereza, ambayo wazee wetu waliiita UMCA, ilihamia Unguja mwaka 1864 chini ya Askofu William Tozer, baada ya kushindwa kule bonde la mto Shire, Malawi ya leo, ambako askofu wa kwanza, Charles Mackenzie, alifariki. Sultani Majid aliwapa watoto watano wa kiume waliokuwa watumwa. Hao watano ndio waliokuwa wanafunzi wa kwanza na waumini wa kwanza. Mmoja wao, John Swedi, alipewa ushemasi mwaka 1879. Mwaka 1871 Tozer akanunua shamba la Mbweni, ufukweni. Mwaka uliofuata, mwezi Aprili, kimbunga kikubwa kikaipiga Unguja, kikang'oa mikarafuu kisiwa kizima, na majengo ya misheni nayo hayakupona.

Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash alitia saini mkataba wa kufunga masoko ya watumwa na kukataza kuwasafirisha kwa bahari. Kuanzia 1874 manowari ya Waingereza iitwayo London ilitia nanga bandarini Unguja, na mashua zake zikawa zinafukuza majahazi yaliyoendelea na biashara hiyo kwa siri. Kila jahazi lililokamatwa lilikuwa na watu ndani yake, na watu hao ilibidi wawe na pa kwenda. Wengi walikuwa Wayao, Wanyasa, Wamakua, waliochukuliwa wakiwa wadogo kiasi kwamba hawakujua njia ya kurudi kwao. Wengine kwao hakukuwepo tena, kijiji kimechomwa na ndugu wametawanyika. Sehemu ya watu hao walikabidhiwa misheni, na watu wazima wakapelekwa Mbweni.

Nimelifikiria sana jambo hili. Tunapoambiwa habari za kukomeshwa kwa biashara ya watumwa, hadithi huishia pale pingu zinapofunguliwa. Mkunazini nako huishia hapo: soko limefungwa, kanisa limejengwa, haleluya. Mbweni ndiko unakoona siku ya pili yake. Mtu ameshushwa jahazini, yuko huru, hana baba wala mama wala mjomba wa kumsemea posa, hana jembe, na jirani yake anazungumza lugha asiyoifahamu. Aanze vipi?

Alianza kwa kupewa nyumba ndogo na kipande cha shamba. Aliolewa au alioa. Alifanya kazi ya misheni kwa ujira. Akajifunza Kiswahili, kwa sababu hakukuwa na lugha nyingine ya kuwaunganisha Myao na Mmakua na mwalimu wa Kizungu. Steere alikuwa amekwisha kuchapa kitabu chake cha kufundishia Kiswahili cha Unguja mwaka 1870, na sala na nyimbo za kanisa zikawa katika lugha hiyo. Hata lahaja ya Kiunguja ilipoteuliwa mwaka 1928 kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, ilikuwa imeshatembea bara miaka mingi midomoni mwa walimu na makatekista waliosomea visiwani.

Wasichana walikuwa na shule yao hapo hapo Mbweni, ya Mtakatifu Maria, na kuanzia 1877 hadi 1902 iliongozwa na Caroline Thackeray, mwanamke Mwingereza aliyekuwa binamu wa yule mwandishi maarufu wa riwaya. Alibaki Mbweni hata baada ya kuiacha kazi. Magofu ya shule yangalipo karibu na bahari, kuta bila paa, miti imeota ndani.

Sitaisifia misheni kupita kiasi. Wasichana walioonekana wepesi wa vitabu walifundishwa ualimu, na walioonekana wazito walitengwa wakafundishwa kufua, kupika na kulima. Walioamua nani mwepesi na nani mzito hawakuwa wazazi wao. Misheni ilipenda vijana waliosoma Kiungani, shule ya wavulana, waoe wasichana wa Mbweni, na ndoa nyingi zilipatikana kwa njia hiyo. Kuna uhuru hapo, lakini ni uhuru wa kuishi kwenye shamba la mtu mwingine kwa kanuni za mtu mwingine. Nadhani hilo lilichangia watu wengine kukubali safari ya 1876. Steere alikuwa amekwisha kwenda kwa miguu hadi kwa Mataka, mtawala mkubwa wa Wayao, mwaka 1875, na nia yake ilikuwa kuwarudisha watu hawa upande wa Ziwa Nyasa, karibu na nchi walizotekwa. Walipanda meli hadi Lindi, wakaingia bara. Walipofika Masasi waliona ardhi nzuri na maji chini ya ile milima ya mawe, wakataka kukaa. Wakakaa. Sisi tunaoijua Masasi hatushangai.

Sasa ule mwaka 1882. Mbweni wamepata kanisa lao, limewekwa wakfu. Mwezi Agosti Askofu Steere anafariki Unguja. Mwezi Septemba, kabla ya majonzi hayo kutulia, Magwangwara, wapiganaji wa Kingoni, wanaivamia Masasi. Nyumba zinachomwa, na baadhi ya wale waliotoka Mbweni wanachukuliwa mateka. Yaani mtu aliyetekwa utotoni, akasafirishwa kwa jahazi, akakombolewa, akabatizwa, akatembea kutoka Lindi na mzigo kichwani ili aanze maisha, anatekwa mara ya pili. Wamisionari walihangaika kuwakomboa. Waliosalimika walihamia Newala kwa muda.

Naliweka jambo hili mbele yangu kila ninapofikiria jengo la Mbweni. Wale waliosimama ndani yake mwaka ule wa kwanza walikuwa na jamaa zao Masasi. Habari ilipofika, iliombewa humo. Na kumbuka kwamba nje ya ukuta wa kanisa, kwenye mashamba ya jirani, utumwa wenyewe ulikuwa bado halali. Mkataba wa 1873 uligusa biashara tu. Amri ya kuondoa hali ya utumwa Unguja na Pemba ilitoka mwaka 1897. Kwa miaka 15 kengele ya Mtakatifu Yohana iliwafikia watu waliokuwa mali ya watu.

Ibada ya Jumapili ilikuwa ya kawaida, na hiyo kawaida ndiyo iliyonigusa. Ubani uleule wa kwetu. Nyimbo zilezile, na kwenye kiitikio nilijikuta naimba sauti ya tatu niliyofundishwa kwaya ya Masasi bila kufikiri. Watu hawakuwa wengi. Wakristo ni wachache Unguja na parishi hii ni ndogo. Baada ya misa nilitoka makaburini. Mama mmoja mtu mzima, kanga kiunoni, alikuwa anafagia majani kwa fagio la chelewa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Wewe mgeni wa wapi?"

"Nimetoka Masasi, mama."

Akaacha kufagia. "Masasi? Basi si mgeni wewe. Huko si ndiko walikokwenda?"

Hakusema kina nani walikokwenda, na sikuhitaji kuuliza. Alinionyesha upande wenye makaburi ya zamani, akanieleza kwamba wapo wanaparokia ambao babu zao wakubwa walitokana na wale waliokombolewa, na bado wanabatiza watoto wao humo. Tulizunguka pamoja. Makaburi mengine jina linasomeka, mengine chumvi ya bahari imelila, mengine ni tuta tu na mawe pembeni. Kila tulipofika kwenye kaburi la aina hiyo alilifagia kama yale mengine.

Nilimweleza habari za Cecil Majaliwa, ambaye kwetu kusini anakumbukwa vizuri kuliko anavyokumbukwa mjini. Alikuwa Myao, aliuzwa utotoni, akasomeshwa na misheni Unguja, kisha Canterbury huko Uingereza. Mwaka 1886 alipewa ushemasi, akaenda Chitangali kwa chifu Nakaam, na mwaka 1890 akawa padri, Mwafrika wa kwanza kupewa daraja hilo katika misheni ile. Alikwenda kuhudumu kwa Wayao wenzake, kwa lugha yao, na kazi yake ikazaa kuliko za Wazungu wengi. Mama alisikiliza, akasema, "Mkewe naye mtaje." Anaitwa Lucy Magombeani. Nilimtaja.

Tangu Jumapili nimekuwa nikimfikiria padri wa parishi yetu na watoto wanaoandaliwa kwa kipaimara mwaka huu. Jana usiku nilimwandikia. Nimemwomba ile sentensi ya 1876 iongezwe: watoto waambiwe Mbweni iko wapi, waambiwe idadi ya wale waliokuja na Steere, na kwamba wanawake walikuwemo. Nimemwomba pia kwamba tarehe 2 Novemba, tunapowaombea marehemu wote, waliotekwa mwaka 1882 wakumbukwe, hata wale ambao hawakupatikana tena. Amenijibu asubuhi kwamba jambo la Novemba halina shida. La mafundisho anataka kwanza alipeleke kwa makatekista, na ameniuliza kama naweza kuja mwenyewe Masasi kuwaeleza. Nimeshaomba ruhusa kazini.