Gharama ya Miaka ya Kungoja

Husemwa kwamba riadha ni mchezo wa mtoto wa maskini, kwa kuwa barabara haina kiingilio. Niliyaamini maneno hayo hadi Julai 2024, nilipoomba taarifa ya M-Pesa ya miezi 42 na kuketi nayo usiku mmoja, nikijumlisha kila shilingi niliyomtumia mdogo wangu tangu ahamie Iten, mji wa wakimbiaji katika Bonde la Ufa nchini Kenya, kufanya mazoezi. Jumla ilifika shilingi 403,500. Hiyo ilikuwa sehemu yangu peke yangu, mimi kifungua mimba mwenye mshahara. Humo hamkuwamo mitamba wawili aliowauza baba, wala mkopo ambao mama aliuchukua katika chama chake na kuulipa polepole kwa fedha za maziwa.

Mdogo wangu alimaliza kidato cha nne mwaka 2019, akiwa tayari anajulikana katika mashindano ya shule kwa mbio za mita 5,000. Mwaka uliofuata korona ilifuta mashindano, akabaki nyumbani akikimbia peke yake, na Januari 2021 akahamia Iten. Wapo wanaouliza kwa nini asingeendelea kukimbia kijijini, ilhali milima na hewa ni ile ile. Ni kweli kwamba Iten ipo takriban mita 2,400 juu ya usawa wa bahari na kwamba kimo hicho huuzoesha mwili kufanya kazi kwa oksijeni kidogo, lakini kinachowavuta vijana huko hasa ni wakimbiaji wenzao. Alhamisi asubuhi mamia yao hukusanyika kwa mazoezi ya kubadilisha kasi, bingwa mwenye mkataba akiwa bega kwa bega na kijana aliyeamkia chai ya rangi, na hapo ndipo kocha au meneja anapoweza kumwona mtu asiyemjua. Anayetaka kuonekana hana budi kuwapo, na kuwapo kunalipiwa kodi.

Chumba alikodi na mwenzake, na kodi haikuwa mzigo mkubwa. Mzigo ulikuwa kwamba kijana wa miaka ishirini, mwenye nguvu kuliko sisi sote, alikula chakula cha watu wawili bila kuingiza senti. Simlaumu. Mkimbiaji anayetoka alfajiri, akarudi tena njiani saa nne na kumalizia jioni, hawezi kuyakata mazoezi hayo kwa kibarua cha mjengo au kwa bodaboda, kwa sababu usingizi wa mchana nao ni sehemu ya mazoezi. Familia humnunulia mkimbiaji muda, na muda huo hauna risiti.

Kisha kuna viatu. Kwa mtu anayekimbia kilomita 160 kwa wiki, kiatu kinachodumu kilomita 800 humalizika katika wiki tano. Tulinunua vya mtumba, ambavyo vilikuwa vimekwisha kula sehemu ya umri wao, na mara mbili niliona kisigino kimelika upande mmoja nikajua kwamba goti lingelalamika. Septemba 2023 kampuni ya Adidas ilitoa kiatu cha mashindano cha dola 500, kilichokusudiwa kwa mbio moja ya marathoni, na Tigst Assefa wa Ethiopia akakivaa Berlin na kuweka rekodi ya dunia ya wanawake ya saa 2:11:53. Nilifurahi kwa ajili yake, lakini nilipobadilisha bei hiyo kuwa shilingi niliona kwamba ni zaidi ya chakula na kodi ya mdogo wangu kwa nusu mwaka.

Mwaka huo huo kano ya kisigino chake iliumia. Picha ya MRI, vipindi vya tiba ya viungo na nauli za kwenda Eldoret vilikula mtamba wa pili. Alikuwa nyumbani, mguu umefungwa bandeji, siku ya tarehe 8 Oktoba 2023 Kelvin Kiptum alipomaliza marathoni ya Chicago kwa saa 2:00:35 na kuweka rekodi ya dunia ya wanaume. Kiptum alikuwa mtoto wa kaunti yetu, na kila mtu hapa alijua kwamba mwaka 2018 alishiriki shindano lake kubwa la kwanza akiwa na viatu vya kuazima. Baba alisimama mbele ya televisheni, na nikajua kwamba hatutaacha kutuma fedha. Miezi minne baadaye tulimzika Kiptum, akiwa na umri wa miaka 24, na hata huzuni ile haikuibadilisha hesabu ya baba: mfano ulikuwapo, kwa hiyo ilibidi tuendelee.

Naitambua hesabu hiyo na naiogopa. Katika Mashindano ya Dunia mshindi hupata dola 70,000, wa nane hupata 5,000, na wa tisa hapati chochote. Meneja huchukua takriban asilimia 15, jambo ambalo silioni kuwa dhuluma kwa sababu anafanya kazi yake, ila yeye huja mkimbiaji akiwa amekwisha kuiva. Aliyemlisha kabla ya hapo hatajwi katika mkataba wowote. Pia kijana anayejua kwamba ng'ombe wa baba wameuzwa kwa ajili yake hukimbia akiwa amebeba deni, na naamini deni hilo ni mojawapo ya milango ambayo wauzaji wa dawa haramu za kuongeza nguvu huwaingilia vijana wetu. Shirikisho la riadha na kaunti zinazojivunia medali zingeanza kwa kulipia chakula na matibabu ya miaka hiyo mitatu au minne baada ya shule, badala ya kungoja mapokezi ya uwanja wa ndege.

Desemba iliyopita tulifanya kikao nyumbani. Mdogo wangu amepona na anakimbia vizuri, na alituomba mwaka mmoja zaidi. Dada yetu, kitinda mimba, ambaye barua yake ya kujiunga na chuo cha uuguzi ilikuwa imekaa miaka miwili bila karo, alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza kwa upole kama tungemsimamisha kaka yake masomo iwapo mkimbiaji angekuwa yeye. Hakuna aliyemjibu. Mama aliinamia vikombe. Baada ya muda baba alisema kwamba kuanzia Januari fedha za maziwa zitalipa karo kwanza, na kitakachobaki ndicho kitakachopelekwa Iten. Mdogo wangu alikubali, na kabla hatujaondoka alimwomba dada amwonyeshe ile barua, kwa sababu hakuwa amewahi kuiona.