Sululu hakusubiri saini

Nikianza kuzungumzia ndege wahamao, hakosi mtu wa kuniambia kwamba hayo ni mambo ya serikali na mikataba yao, na kwamba mimi na darubini yangu tunapoteza muda. Sibishani naye. Namsimulia habari za ndege mmoja, sululu mwenye mdomo mwembamba.

Sululu huyo alikuwa akitaga Siberia, na baridi ikikaribia alivuka Ulaya ya Mashariki kwenda kando ya Bahari ya Mediterania. Viota vyake vilivyothibitishwa viliandikwa mwanzoni mwa karne ya 20, karibu na mji wa Tara. Baada ya hapo hakuna aliyejua kwa hakika anatagia wapi. Ilipofika 1994 ndipo yalipopatikana makubaliano ya kumlinda, chini ya Mkataba wa Bonn wa 1979, ule unaohusu wanyama wahamao. Februari 1995 akaonekana mmoja huko Merja Zerga, pwani ya Moroko, na huyo ndiye wa mwisho kuonekana bila shaka yoyote. Mwaka 2025 IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa maumbile, ikamwandika miongoni mwa viumbe waliotoweka.

Sisemi makubaliano yale yalikuwa mabaya. Nasema waliokuwa wakimfuatilia ndege huyu kwa miaka yote ya kabla ya hapo walikuwa wachache mno, na wachache hawasikiki. Mabalozi walipokaa mezani, tayari alikuwa amebaki wa kuhesabika kwa vidole.

Sasa chukua kozi wa Amur. Ni ndege mdogo, mwenye miguu myekundu, anayezaliana Siberia, Mongolia na kaskazini mwa China, kisha akasafiri hadi kusini mwa Afrika akiivuka Bahari ya Hindi. Kabla ya kuivuka hutua kwa wingi wa ajabu Nagaland, kaskazini mashariki mwa India, kujaza tumbo kwa kumbikumbi. Mwaka 2012 picha zilisambaa kutoka bwawa la Doyang: nyavu zimetandazwa kwenye miti wanayolala, kozi hai wamesongamana humo, na wengine wamenyonyolewa manyoya na kuning'inizwa kwenye fito wakipelekwa kuuzwa. Maelfu kwa maelfu. India ilikuwa imejiunga na Mkataba wa Bonn tangu 1983! Karatasi ilikuwepo, ila haikuwa imefika Pangti, kijiji kilicho karibu na bwawa hilo.

Kilichofika Pangti ni watu. Wanaharakati waliopiga picha zile walirudi kuzungumza na wazee wa vijiji, viongozi wa kanisa wakaingia, mabaraza ya vijiji yakapiga marufuku. Msimu wa 2013 nyavu hazikutandazwa. Mwaka huohuo kozi watatu walifungwa vifaa vya setilaiti mgongoni, wakapewa majina ya Naga, Wokha na Pangti. Nani aliyebuni wazo la majina sijali, lakini alikuwa na akili. Ukishampa ndege jina la kijiji chako, kumkaanga kunakuwa kugumu.

Kisa hiki husimuliwa kama muujiza, na hapo mimi huudhika kidogo. Waliokuwa wakitega walikuwa wavuvi waliotegemea fedha ile, na kwa kuacha wao ndio walioilipa gharama. Sisi tuliokuwa mbali tulilipa nini?

Wala sitaki kudai kwamba wanavijiji wanaweza kila kitu. Kuna ndege wa matopeni, Limosa lapponica, mwenye mdomo mrefu uliopinda juu kidogo. Mwaka 2007 mmoja aliyepewa namba E7 aliruka kutoka Alaska hadi New Zealand bila kutua, kilomita zipatazo 11,680 kwa siku nane. Akirudi kaskazini hupitia Bahari ya Manjano, kwenye matope yanayoachwa wazi maji yakipwa, ili ale na kurudisha unene. Matope hayo ndiyo yaliyokuwa yakizungushiwa kuta na kugeuzwa nchi kavu. Ukuta wa Saemangeum, Korea Kusini, una urefu wa kilomita 33 na ulikamilika kuziba bahari mwaka 2006. Hakuna mwenye darubini anayeweza kusimamisha ukuta wa namna hiyo. Hapo serikali ndiyo yenye rungu, na nazipa haki yao: mwaka 2019 sehemu ya pwani hiyo upande wa China iliingia kwenye Urithi wa Dunia, na 2021 ikafuata ya Korea Kusini.

Ila kabla ya hapo, mwaka 2004, wapenda ndege wa Miranda kule New Zealand walikuwa wameshafunga udugu na hifadhi ya Yalu Jiang iliyoko China. Ndege ni walewale, wakazi wa ncha mbili za safari wakaanza kujuana. Baadaye watu wa Miranda walifika hata Korea Kaskazini kuhesabu ndege matopeni. Mpaka ambao wanasiasa wengi hawauvuki, ulivukwa na watu waliobeba darubini.

Kuhesabu, basi. Sensa ya kimataifa ya ndege wa majini hufanyika kila Januari tangu 1967, na sehemu kubwa ya kazi hufanywa na watu wa kujitolea kama mimi. Hakuna raha ya kuitangaza. Unahesabu kumi, unaangalia kumi wale wanachukua nafasi gani ndani ya darubini, kisha unalipima kundi lote kwa kipande hicho: kumi, kumi, kumi. Ukikaribia mwisho mwewe anapita juu, kundi lote linaruka, linageuka mara mbili hewani likionyesha matumbo meupe, na linatua pale ulipoanzia. Unarudia. Vidole vimekufa ganzi kwenye kile kimashine cha kubofya. Takwimu za namna hii, mwaka baada ya mwaka, ndizo zinazoonyesha eneo gani linafaa kuorodheshwa chini ya Mkataba wa Ramsar, ule unaolinda ardhi oevu, na ndege gani anapungua kimyakimya.

Asiyeweza kukesha kando ya maji ana dirisha. Tarehe 5 Oktoba 2023, kwenye jengo la McCormick Place mjini Chicago, ziliokotwa maiti za ndege karibu elfu moja, wote waliogonga vioo katika siku hiyo moja. Ndege wengi wadogo husafiri usiku. Taa zinawavuta chini, kukikucha wanaona mti ndani ya kioo na kuuendea. Mwaka uliofuata vioo vilibandikwa utando wenye nukta ndogo, na vifo vikapungua kwa takriban asilimia 95. Nukta ziwe upande wa nje, na zisiachane zaidi ya sentimita 5. Ile picha moja ya mwewe ambayo watu hubandika katikati ya kioo haisaidii, kwa sababu ndege huikwepa na kugonga pembeni yake.

Dirisha langu nimeshalitia nukta. Jengo ninalofanyia kazi ndilo lililobaki. Wasimamizi wamenijibu kwamba nukta zitaharibu sura ya mbele. Nimewaandikia tena waanze na ghorofa za chini, upande unaotazama miti tu, na wakati huo wazime taa za ukumbini usiku katika miezi ya safari. Hilo la taa halina hata gharama, kwa hiyo nalisubiri jibu lake kwanza.